Sura ya Mama Mkwe

Mtengeneza tovuti alijigamba wiki nzima kwamba tovuti ya ukoo wa mkewe ni kazi ya saa mbili tu. Jumapili asubuhi ndugu wakaanza kujisajili, na wa mwisho akawa mama mkwe, aliyeweka picha yake akiwa amevaa miwani mikubwa ya jua. Haikupita dakika, simu ikalia.

"Shemeji," alisema mdogo wa mkewe, akijikaza asicheke, "mbona nimekuwa mama? Na kaka naye amekuwa mama. Hata mjomba, na ndevu zake zote!"

Kweli bwana. Watu kumi na tisa, sura moja, miwani ile ile. Mkewe, ambaye naye huandika programu, akavuta kiti, akaipitia kazi ya mumewe mstari kwa mstari, kisha akaguna.

"Mume wangu, kila anayejisajili alitakiwa apewe nakala yake ya fomu tupu. Wewe umewapa wote fomu ile ile moja. Mama akijiandika, amewaandika wote."

"Nilikuwa nimeshaanza kuhisi," alijibu kwa sauti ya chini.

"Ulikuwa umehisi, eh?"

Mume akaongeza amri fupi ya kunakili, akawaomba ndugu radhi, nao wakajaza upya. Mjomba akapata ndevu zake.

Mama mkwe pekee ndiye aliyenuna. "Mmenitoa kwa nini, mwanangu?" aliuliza kwenye simu. "Mbona ukoo mzima ulikuwa umependeza?"