Kombe la Sauti Sita

Eutrice Charleau aligonga sauti ya kwanza, akasikiliza, akasonya. Akagonga ya pili. Alipofika ya sita alikuwa ameshavua miwani, na kwa wanaomjua hiyo si dalili njema.

"Bwana Ottley, nani alikutuma ulichovye kombe langu kwenye kromu?"

"Ling'ae, Bi Eutrice. Dunia nzima inatutazama leo."

"Linang'aa, ndiyo. Na sauti nne zimeharibika! Mtoto yeyote wa mtaa wa Laventille angekwambia: ngoma ya pipa ikishachovywa, inarudi kwa fundi ikalinganishwe upya. Umezaliwa Port of Spain hii hii. Masikio uliyaacha wapi?"

Ottley, katibu wa bodi ya kriketi, alijifuta jasho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ofisi tu, na asiyejua maana haambiwi maana.

Kombe la zamani, la fedha, lilifuliwa London enzi za mababu, na huko huko likabaki. Visiwa vya Karibi vikiwashinda Waingereza, nahodha alikabidhiwa picha ya kombe tu. Picha! Watu walimeza hasira hiyo miaka na miaka, hadi bodi ikaamua kombe jipya litengenezwe nyumbani, na kwa haki ya Mungu Waingereza walikubali bila ugomvi. Kazi akapewa Eutrice, fundi wa ngoma za pipa. Akakata pipa la mafuta, akalifinya kwa nyundo hadi likawa bakuli, akalitia sauti sita, moja kwa kila mpira wa ova, ile zamu ya mirusho sita. Ukingoni alipiga vitone mfano wa mshono wa mpira, kisha akalisimamisha juu ya vijiti vitatu vya mti wa poui, mfano wa wiketi. Wageni waliuliza kama linafaa kunywewa shampeni. "Shampeni kunyweni kwa glasi," aliwajibu. "Hili ni la kupigwa."

Sasa Ottley alikuwa akitazama kabati. "Nina sinia la fedha humu. Mechi ikiisha hujamaliza, nitatoa sinia."

Eutrice aliumia. Baba yake aliwahi kulala rumande kwa kosa la kupiga pipa barabarani. Leo pipa limepewa heshima ya kukabidhiwa washindi, halafu lifungiwe kabatini kama aibu ya ukoo? Alishika nyundo.

Chumba kilikuwa chini ya jukwaa, dirisha likitazama nyasi. Ilikuwa siku ya tano na ya mwisho ya mechi ya kuamua, kila upande ukiwa umeshinda mechi moja. Waingereza walibakiwa na wiketi moja tu, yaani mpigaji mmoja akitolewa wameshindwa, na walichotaka ni kung'ang'ania hadi jua lizame, mechi iishe sare. Eutrice alipogonga, mpigaji, kelele zikimsumbua, aliinua mkono akajitenga na wiketi. Mwamuzi akatuma mjumbe dirishani: mpira ukiwa mchezoni, marufuku nyundo.

"Na ukishatulia?"

"Ukitulia, gonga upendavyo."

Basi akafanya kazi kwa vipande. Mpira ukidakwa, anagonga. Devron Seecharan, nahodha na mrusha mpira wa kasi, akigeuka kuanza mbio, ananyamaza. Sauti moja ikarudi, kisha ya pili. Hapo ndipo alipotambua kwamba Devron anarudi nyuma kwa hatua za kuhesabu. Alikuwa akimngoja! Na jua halikuwa likimngoja mtu. Eutrice akatoa kichwa dirishani.

"Devron! Unatembea kama bibi harusi! Nani kakuomba uningoje?"

"Nataka lisikike, shangazi!"

"Lisikike likiwa la nani? Tukitoka sare utapiga nini, mapaja? Kaza mwendo, watoe hao!"

Jukwaa zima likaangua kicheko, na Devron akakaza mwendo. Nafasi ya Eutrice ikapungua hadi mapigo matatu, mara mawili. Sauti ya tatu ikarudi. Ya nne ilikuwa bado inakwaruza pale mpira ulipopenya kati ya gongo na mguu wa mpigaji ukang'oa kijiti cha katikati cha wiketi. Watu waliruka, wakakumbatiana na wasiowajua, wakalia waziwazi.

"Mechi imekwisha, Bi Eutrice," Ottley alisema, sinia mkononi.

"Mechi imekwisha. Mimi bado."

Akalikumbatia kombe, akatoka na nyundo yake na fimbo ya kupigia hadi katikati ya uwanja. Devron alimkimbilia, jasho likimtiririka.

"Tayari?"

"Imebaki moja. Na kwa makelele haya sijisikii hata mwenyewe."

Devron akainua mikono yote miwili. Watu ambao hata kanisani hawanyamazi wakanyamaza, jukwaa baada ya jukwaa. Wapigaji wa Uingereza walisimama kofia kwapani. Eutrice akapiga magoti. Aligonga kwa chini, akasikiliza, akagonga kwa juu, akasikiliza tena. Pigo la tano, sauti ikatoka safi.

Akamnyooshea Devron fimbo ya kupigia. "Haya, ni lenu."

Devron akarudisha mikono nyuma. "Anza wewe, shangazi. Wanakusikiliza."

Eutrice akapiga zote sita, polepole, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyekohoa mpaka alipomaliza.