Meza ya Treni ya Shemeji

Fundi seremala alikuwa na maneno mengi kuliko misumari, na siku alipomaliza meza ya shemeji yake aliyatumia yote. Shemeji, mume wa dada yake, aliendesha treni miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu akaanza kuunda treni ndogo, behewa halizidi kidole cha kati, kila gurudumu alilichonga mwenyewe. Aliomba kitu kimoja tu: meza ya kujaza chumba cha nyuma, isiyotikisika. Fundi alipanda juu yake, akaruka mara mbili, akasema hata treni ya kweli ingepita hapo.

Ambacho hakukisema ni kwamba mbao zilikuwa mbichi. Alikuwa amezigonga kwa kidole, akasikia mlio mzito, akajua kabisa. Lakini zile kavu alikuwa amezitengea kabati la mteja, na hii, alijiambia, ni meza ya kuchezea tu, nani atajua?

Baada ya miezi miwili mbao zilikauka zikajipinda. Jumapili moja ndugu walikusanyika kuona treni ikitembea, nayo ikaanguka kwenye kona. Shemeji akairudisha relini, ikaanguka tena. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka chini chini. Shemeji akaitazama mikono yake, akasema labda hakulaza reli sawasawa, siku hizi mikono haimtii. Fundi alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi, na mdomo wake ukamtangulia kama kawaida.

"Ndiyo umri huo, shemeji," alisema.

Watu waliangua kicheko, na yeye akacheka nao.

Wiki iliyofuata dada yake akapiga simu. Alitaka makasha mawili, maana mume wake alikuwa anafungasha treni zote. Mume alisema mikono yake imekwisha. Hata saa ya ukutani iliyosimama amekataa kuitengeneza. Fundi aliona uso ukimwaka moto, ingawa karakanani hakuwamo mtu mwingine.

Alikwenda na mbao za makasha, na safari hii zilikuwa kavu. Katika chumba cha nyuma meza ilikuwa tupu. Mabehewa yalikuwa yamefungwa katika magazeti, moja moja. Fundi akaweka pimamaji juu ya meza pale kwenye kona, na kiputo kikakimbilia pembeni. Akatoa kabari mfukoni. Aliwaza kuipachika kati ya fremu na plaiwudi ya juu, kona ikae sawa, treni itembee, na yeye atoke zake bila kusema neno. Alikuwa chini ya meza, nyundo mkononi, aliposikia mlango.

"Unatafuta nini huko?" shemeji aliuliza.

Fundi akatoka kwa magoti. Kwa mara ya kwanza tangu dada yake aolewe, hakupata mzaha wa kujikingia.

"Mbao zilikuwa mbichi," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Meza imepinda, reli zako hazina kosa."

Shemeji akainyoosha mikono mbele yake, akaigeuza juu, akaigeuza chini.

"Na ile Jumapili ulijua?"

"Nilijua."

"Ukasema ni umri."

Fundi angepigwa kofi angeshukuru. Alibaki amekodolea macho ile kabari, kipande cha mti kisichozidi kidole gumba, ambacho dakika mbili kabla alikiona kama wokovu wake.

Shemeji hakumfokea. Alichukua bisibisi kwenye mkoba wa Fundi bila kuomba, akainama, akaanza kufungua skrubu za fremu. Fundi akanyoosha mkono amsaidie, akaambiwa akae. Basi akakaa kwenye rundo la magazeti, akatazama. Zilikuwa skrubu arobaini na nane, na mikono ile ilizitoa zote, moja baada ya nyingine, bila kuteleza hata mara moja.