Kinyumenyume

Mwavuli mwekundu haukuwapo msumarini. Gesine aliutazama msumari ule mtupu, kisha akaangalia chini: viatu vya baba yake vilikuwapo, yaliyotoweka ni malapa. Mlango ulikuwa wazi, na ukungu wa Novemba umekwisha kuingia ukumbini.

Baba huyo, Mzee Ottfried Lambrecht, aliwatembeza wageni katika mji wetu wa Wiedenau tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alitembea kinyumenyume, mwavuli juu, uso kwa wageni, kwani kwake kumpa mgeni mgongo ni utovu wa adabu. Mawe ya mji aliyajua kwa visigino. Halafu baraza likabandika vibao vyenye namba, kila mgeni ajiongoze mwenyewe kwa simu yake, na mzee akaagwa kwa shada la maua. Mwaka huohuo akili zikaanza kumtoka. Daktari alisema mambo hayo mawili hayahusiani. Sisi majirani tuliguna tu.

Kwenye kibao cha kwanza, sokoni, Detlev muuza nyama alikuwa akifuta kioo cha duka.

"Kapita sasa hivi," alisema. "Kanipa ile hadithi ya meya aliyekwama kwenye pipa la divai. Nimecheka kama sijawahi kuisikia."

"Ukamwacha aende na malapa?"

"Nilidhani uko nyuma yake, Gesine."

Hakuwahi kuwa nyuma yake. Kila Jumapili ya utoto wake baba alimwalika kwenye matembezi hayo, na kila Jumapili kichwa kilimuuma. Sasa alivikimbilia vibao kimoja baada ya kingine, roho mkononi: lango la wafumaji, mnara, ghala la chumvi. Penye kibao cha nne, mke na mume wageni walikuwa wameinamia simu.

"Mzee mwenye mwavuli? Katuambia hii simu inatudanganya," mwanamume alisema. "Eti kituo cha tano kiko kwenye kinu cha maji, kule mtoni. Tukamwambia ngazi za kushukia huko zimefungwa. Akatucheka."

Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Gesine hakungoja kusikia zaidi.

Alimkuta ng'ambo ya mnyororo uliofunga njia, katikati ya ngazi za mawe zenye utelezi, mgongo kwa mto uliofura, akiwahutubia wageni wasiokuwapo.

"Kinu hiki, mabibi na mabwana..." Akarudi nyuma, ngazi moja.

Gesine akauvuka mnyororo. "Baba."

"Umechelewa, bibi. Wenzako wameshafika. Sogea, sogea upate kuona." Naye, ili ampishe, akashuka nyingine. Maji yakamlamba visigino.

Gesine akaganda. Akimwendea, mzee atarudi nyuma. Akimwacha, ataendelea kusimulia, na kila sentensi ina hatua yake.

Ndipo akainua mkono kama mwenye mwavuli. Huku akimtazama baba yake usoni, akapanda ngazi moja kinyumenyume.

"Mabibi na mabwana," alisema, "meya wetu alikwama kwenye pipa la bia."

Mzee akakunja uso. "La divai, bibi."

"La bia. Siku ya Krismasi."

"Nani kakufundisha wewe?" Akapanda ngazi. "Siku ya mavuno, mchana kweupe."

"Akatolewa na mkewe."

"Na mama mkwe wake! Huo ndio utamu wenyewe, na wewe unaumwaga." Akapanda nyingine, kidole hewani, hasira zimempanda. Gesine akaendelea kuiharibu hadithi ile, neno kwa neno, mpaka visigino vyake vikagusa mnyororo. Hapo akamshika baba yake mkono, asimwachie tena.

Walitembea hadi nyumbani. Mlangoni mzee akashusha mwavuli.

"Hapa huwa sisimulii," alinong'ona. "Binti yangu yumo ndani. Hazipendi hadithi zangu."

Mlango ulikuwa bado wazi, kama Gesine alivyouacha.

"Nisimulie mimi ile ya pipa, Bwana Lambrecht," alisema. "Iliyo sawa."

Mzee alimpima kwa macho, hana hakika naye. Kisha akainua mwavuli, akamgeuzia uso na kuanza, na kwa hatua fupi fupi akaingia ndani kinyumenyume, kisigino kikikipapasa kizingiti. Gesine akamfuata.