Chupa Kumi na Mbili za Fundi Saa

Fundi saa alikuwa amepika bia mara mbili, na mara zote mbili aliimwaga. Ya kwanza alitia hamira maji yakiwa bado ya moto, hamira ikafa. Ya pili ikawa siki. Mkewe uzalendo ukamshinda.

"Baba watoto, hii ya mwisho. Ikiharibika, naitaka ndoo yangu ya kufulia, na usinitajie tena bia humu ndani."

Jamani, mtu alijituma! Kimea, ile shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, alikiponda kwa mkono. Akakichemsha, akatia maua ya hopi ya kuleta uchungu, akachuja, akasubiri ipoe kabisa ndipo akatia hamira. Wiki mbili alikuwa akiinamia ndoo kusikiliza mapovu, kama anavyosikiliza saa za wateja. Ilipotulia, akakoroga sukari kidogo humo ndooni ili bia ipate gesi, akajaza chupa kumi na mbili nyeusi alizooshewa na mkewe, akazifunga na kuzipanga kabatini.

Jumapili mchana akamwita shemeji yake, kaka wa mkewe, aje aonje. Walikuwa ndiyo kwanza wamekaa.

Pa!

Kabati likafunguka lenyewe. Pa! Pa! Shemeji, mwili wote ule, akazama chini ya meza. "Nakufa, dada!" Kuja kutulia, chupa kumi na moja zilikuwa vigae, na povu linachuruzika ukutani.

Fundi aliiosha ndoo, akaifuta vizuri, akamkabidhi mkewe kwa mikono miwili. Roho ilimuuma hadi akashindwa kumtazama.

Mkewe hakuipokea.

"Nilitia sukari," alisema kwa sauti ndogo. "Kijiko kimoja kila chupa, kabla hujajaza. Mara zote unasahau kitu. Nikasema safari hii asiaibike mume wangu."

"Ulitia chupani?"

"Nisamehe."

"Na mimi nilitia ndooni!" Uso wa fundi ukachanua. "Kumbe sikukosea!"

"Hukukosea, baba."

"Shemeji, umesikia? Sikukosea!"

"Nimesikia," shemeji alijibu, bado yuko chini ya meza. "Ile moja iliyobaki mtaifungua nikishafika kwangu."

Fundi akairudisha ndoo kifuani, akaikumbatia. Mkewe akatazama rundo la nguo chafu pembeni, akashusha pumzi, akaenda kutafuta sufuria kubwa.