Namba Tisa Ina Mwenyewe

Ramiro alikuwa mshambuliaji wa kandanda kwao Uruguay, kisha Hispania, mpaka alipoumia goti. Mwaka 1981 alikuja Hanang, Tanzania, kama fundi wa mashine za kuvunia ngano katika shamba kubwa, akaomba kuchezea timu ya shamba.

"Namba tisa ina mwenyewe," nahodha Severine alimwambia kwa upole. "Ni Theodory, dereva wa trekta. Wewe cheza pembeni, kaka."

Ramiro alikubali. Jumapili, walipocheza na timu ya kijiji cha Mogitu, alikimbia na mpira hadi karibu na kona, akapiga krosi. Theodory akaruka, akafunga kwa kichwa, kisha akaja mbio kumkumbatia.

Miaka yote aliyofunga mabao Uruguay na Hispania, Ramiro hakuwahi kukumbatiwa kwa sababu ya pasi. Alicheza winga misimu mitatu, hadi mkataba wake wa kazi ulipoisha.