Kiapo cha Mzee Jecha

Mzee Jecha wa Mtambile alianza kusoma akiwa tayari ana wajukuu, katika darasa la watu wazima lililokaa baada ya sala ya alasiri. Siku moja Mwalimu Mbarouk aliuliza: karafuu mbichi ikianikwa, uzito wake unakwenda wapi?

"Unaliwa na jua," akajibu Mzee Jecha. "Nimeanika miaka arubaini. Wallahi nikikosea, sitii tena mguu humu!"

Mwalimu hakumpinga. Aliliandika jibu ubaoni, akasema kila mtu huja darasani na wazo lake, na wazo hupimwa kwa jaribio. Akatia karafuu mbichi ndani ya chupa kavu, akaiziba, akaiweka juani.

Kesho yake chupa ilikuwa imejaa matone kwa ndani.

"Mzee Jecha, jua lako limetapika!" akacheka mwenzake Shaame.

Mzee Jecha aliigeuza ile chupa. "Subhanallah! Kumbe ni maji, na miaka yote yakinipita puani!" Alicheka mpaka akakaa chini. Mara akakumbuka kiapo chake, kicheko kikakatika. Darasa alilipenda mno.

"Kiapo kina kafara yake, Mzee; ukiitoa, unarudi darasani," Mwalimu akamwambia kwa upole.

Ijumaa ile Mzee Jecha alilisha maskini kumi wali kwa samaki, akaomba dua. Jumamosi alikuwa wa kwanza darasani, ameshika chupa yake mwenyewe yenye vipande vya nazi.

"Hii nadhani itatoa maji kidogo kuliko karafuu," akasema. "Lakini leo siapi."