Zamu ya Ovide

Jumatano ya kubadilishana zamu, wanawake wa mji wa Chenal hupika mapema. Helikopta hutua saa tano asubuhi, na mwanamume aliyekaa siku kumi na nne juu ya mtambo wa mafuta katikati ya bahari hataki kuambiwa asubiri chakula. Zelia Guidry alikuwa ameshakaanga unga wa gumbo, ule mchuzi mzito wa kwao, mpaka ukawa wa kahawia, ndipo alipokumbuka kwamba mumewe, Ovide, alikufa miezi miwili iliyopita. Akaendelea kukoroga, maana unga ule ukiachwa unaungua, na sufuria ilikuwa ya marehemu mama yake.

Ovide alikuwa mmoja wa wanane waliokufa mtambo ulipolipuka. Kisima kilitapika mafuta siku hamsini na tatu. Chaza walikufa wakiwa wamefumba, ndege aina ya mwari walizolewa ufukweni kwa makoleo, na miili ya wale wanane haikuonekana.

Saa tano na nusu Ovide alipita barabarani, begi begani, akidondosha mafuta meusi kila hatua. Mtu wa posta alimsalimu, akakwepa dimbwi. Hakuna aliyeshangaa. Siku kumi na nne baharini, kumi na nne nchi kavu, ndivyo alivyoandikwa kazini, na hakuna aliyelifuta jina lake kwenye orodha. Kilichowafanya watu wasogeze mapazia ni kwamba alilipita lango la mkewe, akaipita nyumba ya pili, akapanda ngazi za Noemie Pitre.

"Umemwona mumeo?" aliuliza Eula, jirani, kutoka barazani kwake.

"Nina macho."

"Maana kakupita kama duka lililofungwa, shoga yangu. Na huyo si ndiye aliyekuwa akicheza naye dansi kabla yako? Haya, mimi simo."

Noemie alikuwa mthibitishaji wa hati. Huko kwao hakuna mashua inayouzwa wala wosia unaoandikwa bila muhuri wake. Hata hati ya ndoa ya Zelia aliiandika yeye, kwa mwandiko mzuri ambao Zelia hakuwahi kuusamehe.

Zelia alijizuia mpaka Jumatatu, kisha wivu ukamvalisha viatu. Kupitia mlango wa wavu alimwona Ovide amekaa kwenye kiti kilichotandikwa magazeti, Noemie anachapa kwenye taipureta. Ovide alikuwa anaongea. Hilo ndilo lililomkata maini. Miaka kumi na tisa ya ndoa, kila alipomuuliza habari za kazini jibu lilikuwa "salama tu," na sasa maneno yalikuwa yakimtoka kama maji ya bomba, mbele ya mwanamke mwingine.

"Mnazungumza nini?" aliuliza, akiwa ameshaingia.

"Ushahidi," alisema Noemie bila kuacha kuchapa. "Jumanne ya wiki ijayo kuna kikao. Serikali inataka kujua kama ilete wakaguzi wake kwenye mitambo, au kampuni ziendelee kujikagua zenyewe."

"Vali ya kuzibia kisima haikupimwa," alisema Ovide. "Msimamizi alinipa fomu, akaniambia nitie alama kwamba imepimwa. Nikatia. Mara tatu."

"Mbona mimi hukuniambia?"

Ovide alitazama viatu vyake. "Ungenitazama hivyo unavyonitazama."

Tatizo lilikuwa kutia saini. Kila Ovide aliposaini, mafuta yalimtoka vidoleni yakaenea karatasi nzima, hata neno moja lisisomeke. Noemie alishapoteza nakala kumi na mbili. Sheria ilimruhusu mjane kusaini kwa niaba ya marehemu, kwa hiyo akamsogezea Zelia nakala ya kumi na tatu na kalamu.

"Nikisaini?"

"Ninaipeleka kikaoni. Na yeye atakuwa amemaliza. Sidhani kama atarudi tena."

Zelia aliikunja karatasi akaitia kifuani. "Kwanza anifuate nyumbani. Nataka kuyasikia yote kwangu, ndipo nisaini."

"Zelia, haya si mambo ya mapenzi."

"Kwako si ya mapenzi. Ovide, twende."

Ovide alimfuata. Alikaa jikoni, gumbo ikaota utando wa mafuta mbele yake, akamweleza mkewe kila kitu: mlio wa mabomba, majina ya waliokuwa zamu, na ile alama ya tatu. Zelia alimsogelea mpaka gauni likaharibika. Tangu harusi yake hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Kila mchana alimwomba aanze upya, naye Ovide alianza upya.

Jumanne ukumbi wa michezo wa shule ulijaa. Mvuvi mmoja wa chaza alimwaga ndoo ya maganda yanayonuka petroli mbele ya meza ya wajumbe. Remy, mume wa Eula, aliyekuwa ameahidiwa kazi kwenye mtambo mpya, alisimama.

"Serikali ikiingia kule, kazi zinatoka! Hao wa mjini wanajua nini habari za vali? Sisi ndio tunaolala juu yake!"

Alipigiwa makofi. Bwana Lasseigne wa kampuni alisema kwa upole kwamba hakuna ushahidi hata mmoja kuwa vipimo havikufanywa.

"Yupo mwenye maelezo ya mtu aliyekuwa mtamboni?" mwenyekiti aliuliza.

Noemie aligeuka akamtazama Zelia. Karatasi ilikuwa kifuani, kalamu mkobani. Zelia aliwaza kiti kitupu jikoni. Aliwaza pia kwamba maneno ya mwisho ya mumewe yangebaki duniani chini ya muhuri wa Noemie Pitre. Akafunga mkoba wake.

Kikao kiliamua kampuni ziendelee kujikagua. Kesho yake Ovide alichukua begi akarudi baharini, na siku kumi na nne zilipotimia alirejea, moja kwa moja kwa mkewe. Noemie aliacha kumwamkia Zelia, na Zelia hakuumia.

Mtambo mpya ulivutwa kupita mbele ya mji mwezi wa Machi. Remy akaajiriwa, na Eula naye akaanza kupika mapema siku za Jumatano. Mwezi wa Novemba mtambo huo uliwaka moto, Remy akiwa zamu. Vali haikufunga.

Jumatano iliyofuata Zelia alisikia nyayo za watu wawili kwenye ngazi. Ovide alikuja na Remy. Ovide alikuwa amemwambia mwenzake kwamba hapa mtu anasikilizwa. Remy aliomba radhi kwa kuchafua sakafu, akaketi.

Haikupita hata robo saa, Eula akawa mlangoni, aproni kiunoni, macho mekundu.

"Mume wangu yumo humu?"

"Yumo."

"Anakwambia nini wewe, ambacho mimi mkewe hawezi kuniambia?"

Zelia alimjua Eula. Akisikia, atakimbilia kwa Noemie na aproni yake hivyo hivyo na kusaini kabla ya kukaa chini. Kikao kitaitwa upya, vali zitapimwa, na wanaume wote wawili watapumzika, wasirudi tena. Aliyaona macho ya mwenzake, akautambua wivu uliokuwamo, kwa kuwa ulishakuwa wake mwenyewe, na alimwonea huruma kweli.

"Hajasema kitu," alijibu. "Amechoka. Mwache apumzike."

Akafunga mlango. Jikoni, Ovide na Remy walikuwa wameshaanza kusimulia tangu mwanzo, kwa sauti moja, na Zelia akavuta kiti.